Sura ya Nne: Ngitili Hufungwa Mvua Ikinyesha

Katikati ya miaka ya 1980, alipokuwa anakaribia kung'atuka, Mwalimu Nyerere aliuita mkoa wa Shinyanga jangwa la Tanzania. Siku hizo Lagangabilili ilikuwa ndani ya wilaya ya Bariadi, na Bariadi ilikuwa ndani ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, pamoja na wilaya ya Itilima ambayo makao yake makuu yako Lagangabilili, ulizaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo jina lile liliwahusu watu wa huku pia, na halikuwa la kutia chumvi. Kuni ziliadimika mpaka akina mama wakapikia mabua ya pamba na samadi kavu. Kila kiangazi ng'ombe walikonda, na mifugo ilihamishwa mbali kutafuta majani. Mtu aliyezaliwa miaka hiyo na kufumbua macho katika uwanda mtupu alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba nchi yake iliumbwa hivyo, na kwamba yeye amepangiwa kuishi humo. Sura hii inaichunguza imani ya namna hiyo: kwamba maisha yetu yamekwisha andikwa na kazi yetu ni kuyasoma tu. Naamini hiari ya binadamu ni kitu cha kweli. Ila naona tumekuwa tukiitafuta mahali pasipo pake, na ndiyo maana wengi huikosa na kusema haipo.

Tuanze na jangwa lenyewe, maana halikuumbwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya Usukuma ilikuwa pori la migunga na miombo, na ndani ya pori hilo waliishi mbung'o, walioua ng'ombe na watu. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa na kituo cha utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, iliamua kuondoa vichaka ambamo wadudu hao walijificha, na wananchi wakapelekwa na shoka kufyeka eneo baada ya eneo. Kisha ikaja pamba. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia bei ilipanda, mashamba yakapanuliwa, na fedha ya pamba ikanunua ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye akiba ambayo Msukuma aliiamini. Ng'ombe nao walitaka malisho. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, ikaja Operesheni Vijiji. Familia zilihamishwa kutoka kwenye miji yao ya asili na kukusanywa pamoja, na malisho yaliyokuwa yakitunzwa karibu na kila mji yakabaki nyuma bila mwenyewe. Kila hatua ilikuwa na mtu aliyeamua, na wengi waliamua kwa nia njema. Mbung'o waliua kweli. Pamba ilisomesha watoto kweli, na katika miaka ya 1950 ilizaa vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, ambavyo vilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika. Jangwa lilikuwa jumla ya maamuzi hayo yote. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa mwisho wa mlolongo huo, lilionekana ni kudura. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: sehemu kubwa ya tunachokiita majaliwa ni maamuzi ya watu ambao hatukuwepo wakati wanaamua.

Lugha yetu haitusaidii sana kuona tofauti hiyo. Chukua neno ajali. Kwa asili yake ya Kiarabu maana yake ni muda uliowekwa, ile saa ambayo mja ameandikiwa kufa, na maana hiyo bado imo tunaposema siku za fulani zimetimia. Lakini ni neno hilohilo tunalolitumia basi linapopinduka kwa sababu breki zilikuwa mbovu na dereva alikuwa hajalala tangu jana yake. Breki na siku ya mwisho vimetiwa katika kapu moja. Sisemi hivyo kuwalaumu wafiwa. Aliyempoteza mtoto hahitaji ripoti ya fundi makanika. Anahitaji kuambiwa kwamba kifo hicho hakikupita nje ya mikono ya Mungu, na anayemwambia hivyo anafanya jambo jema. Neno la kudura ni dawa likitumika baada ya tukio. Likitumika kabla yake, linakuwa ruhusa ya kutofunga breki.

Na lina hatari nyingine, kubwa zaidi. Binadamu hapendi tukio lisilo na mwandishi, na asipoliona chimbuko la balaa hulitafutia mwenyewe. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 kuhusu Waazande wa kusini mwa Sudan ya wakati huo, alieleza watu wanaojua vizuri kwamba ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo zake. Hilo halikuwa fumbo kwao. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa hii, wakati hawa ndio wamekaa chini yake. Swali hilo linaulizwa Usukumani vilevile, na mfumu, yaani mganga mpiga ramli, amekuwa akilijibu kwa kusoma matumbo ya kuku. Mara nyingi jibu lake limekuwa faraja. Lakini jibu hilo limeua pia. Kumbuka yale majiko ya mabua na samadi. Mwanamke anayepikia moshi wa namna hiyo kwa miaka thelathini au arobaini anazeeka na macho mekundu, na macho mekundu ya bikizee yalisomwa kama alama ya uchawi. Vikongwe wengi wa Mwanza na Shinyanga wamekatwa mapanga kwa kisingizio hicho. Baadaye yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, hata Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hebu fuatilia mnyororo wenyewe: miti ilikatwa, kuni zikaisha, moshi ukazidi, macho yakawa mekundu, na mwisho bibi akauawa kwa sababu watu walitafuta mkono wa mtu katika kifo cha mtoto na hawakuuona mkono wa mtu katika kuondoka kwa miti. Palipokuwa na uamuzi waliona kudura, na mahali ambapo hapakuwa na mkosaji wakamuua asiye na hatia. Ndiyo maana swali la kadari na hiari si la wanafalsafa peke yao. Kuna watu wamezikwa kwa sababu lilijibiwa vibaya.

Hata hivyo, ndani ya utamaduni huohuo kuna hekima inayokwenda kinyume, nayo inaonekana katika jambo la kawaida kama majina. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayewafuata ni Shija, na aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Mabula amezaliwa wakati wa mvua, na Makoye amezaliwa nyumba ikiwa na matatizo. Mgeni anaweza kudhani kwamba hapa mtoto anatiwa muhuri wa maisha. Lakini ukiyatazama majina haya vizuri utaona yote yanazungumzia jana. Jina la Mabula linasema tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha; halisemi atakuwa mkulima, mwalimu au mlevi. Jina la Doto linasema alitoka wa pili, na kila kijiji kinawajua akina Doto waliowatangulia akina Kulwa katika mambo mengi. Jina linaandika yale ambayo mtoto hakuyachagua, yaani siku, hali ya nyumba na namna ya kuzaliwa, kisha linanyamaza. Kimya hicho nakihesabu kuwa heshima kubwa kwa mtoto. Anakabidhiwa mwanzo wake waziwazi, na yaliyobaki anaachiwa.

Sasa turudi kwenye ardhi, kwa maana huko ndiko hoja ilikojaribiwa kwa vitendo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walifanya ambalo wengi wetu tungefanya: walianzisha vitalu, wakaotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kuwahimiza watu kupanda. Matokeo yalikuwa haba. Kiangazi kilikausha miche, na mingine ililiwa na mifugo. Ndipo wakayageukia mazoea ya zamani ya wenyeji, ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, likaachwa lisiliwe msimu mzima, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea na majani ya kwingine yamekwisha. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa hekta kama 600 tu. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilikuwa imetunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na jambo la ajabu katika habari yote hii ni kwamba sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Chini ya uwanda ule mtupu mizizi ya migunga ilikuwa hai. Kila mwaka ilichipua, na kila mwaka chipukizi zililiwa na mbuzi kabla hazijafika gotini. Watu walipofunga eneo, chipukizi zilipata nafasi ya kuendelea.

Hapo naona picha ya hiari ambayo sijaiona ikielezwa vizuri zaidi kwingine. Mfugaji wa Itilima hakuiumba mizizi. Aliikuta. Mvua haiko mikononi mwake, na udongo mzito wa mbuga aliurithi kama ulivyo. Ukihesabu kila kitu kinachohitajika ili mti uwepo, karibu vyote vimemtangulia. Yeye ana jambo moja tu: kusema hapana. Na wakati wa kusema hapana hiyo ndio kiini cha mambo. Ngitili haifungwi Septemba ng'ombe anapolia kwa njaa. Ikifika Septemba hakuna mwenye nguvu ya kufunga malisho, na hakuna haki ya kumtaka afanye hivyo. Hufungwa Novemba au Desemba, nchi nzima ikiwa kijani, wakati kufunga kunaonekana kama ujinga kwa sababu majani yamejaa kila mahali. Ni akili ileile inayomfanya mama akate viazi vitamu vikiwa tele na kuvianika viwe michembe, au avichemshe na kuvikausha viwe matobolwa. Wanaosema mkulima wa huku ni mtu wa kungojea kadari hawajatazama juu ya jabali michembe inapoanikwa. Huyo mama amekwisha amua, mwezi wa Juni, watoto wake watakula nini Januari.

Sisi huuliza kama mtu ni huru kwa kumtazama katika saa ya shida. Mlevi yuko mlangoni kwa muuza pombe: je, angeweza kurudi nyumbani? Kijana amekwisha shika simu, fedha ya pembejeo iko ndani, na mchezo wa kubahatisha umefunguka: je, ana hiari? Nakubali kwamba saa hiyo hiari yake ni ndogo mno, pengine haipo. Sayansi ya ubongo inaelekea huko pia. Mwaka 1983 Benjamin Libet, wa Marekani, alichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuukunja mkono wakati wowote wapendao. Mawimbi ya umeme ya ubongo yalianza kupanda kiasi cha nusu sekunde kabla ya tendo, ilhali mtu mwenyewe alisema ameitambua nia yake muda mfupi tu kabla ya mkono kusogea. Wengi walitangaza kwamba huo ndio mwisho wa hiari. Walikwenda mbio. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando ule unaweza kuwa mtikisiko wa kawaida wa ubongo uliofika kizingitini, wala si uamuzi uliokwisha fanyika. Na Libet mwenyewe alishikilia kwamba hata nia ikichipua bila sisi kuiita, bado tunao uwezo wa kuizuia. Inanigusa kwamba mtu wa maabara ya California, aliyekuwa akipima vipande vya sekunde, aliiona hiari palepale ilipo kwenye ngitili, yaani katika kuzuia. Tofauti ni kwamba mfugaji anajua jambo ambalo jaribio la sekunde moja haliwezi kulionyesha. Zuio lenye nguvu ni lile lililowekwa miezi mingi kabla. Kijana aliyempa mama yake fedha ya pembejeo siku ileile aliyouza pamba alikuwa huru, hata kama mwezi uliofuata vidole vilimwasha.

Kuna pingamizi la waumini, nalo ni zito kwa kuwa linatoka kwa watu wanaoishi wanachokisema. Wanauliza: ukimpa binadamu uwezo wa kubadili yatakayokuwa, hujampunguzia Mungu uwezo wake? Muislamu anaamini kadari ya kheri na ya shari kama nguzo ya imani, na Mkristo anaamini hakuna unywele unaoanguka bila Baba kujua. Sioni kwamba ngitili inakanusha hata moja kati ya haya. Mwenye kufunga malisho hajaiamuru mvua. Akifunga na mvua isinyeshe, hatavuna majani, naye anajua hivyo tangu siku anafunga. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mtu amfunge ngamia kwanza ndipo amtegemee Mungu, na mfano wa talanta katika Injili unamkemea mtumishi aliyefukia alichopewa, wala haumlaumu kwa kupewa kidogo. Dini zote mbili zinaonya dhidi ya kujifanya mwandishi wa mambo yote, na wakati huohuo zinamhukumu mtu kwa sehemu aliyoachiwa. Kama hana sehemu, hukumu hiyo itakuwa ya nini? Anayesema jangwa lilikuwa mapenzi ya Mungu sharti aseme pia mizizi iliyobaki hai chini yake ilikuwa mapenzi ya Mungu. Nisichokielewa ni kwa nini tuwe wepesi wa kulisoma la kwanza na wazito wa kulisoma la pili.

Pingamizi la maskini ni gumu zaidi, na silipokei kwa wepesi. Ngitili inataka ardhi. Mwenye ekari mbili na watoto saba afunge nini? Takriban nusu ya ngitili zilizorudi zilikuwa za watu binafsi, na waliokuwa na maeneo makubwa ndio waliofaidi zaidi. Wengine wasio na malisho walilazimika kununua majani kwao. Kwa hiyo anayemwambia fukara kwamba maisha yake ni matokeo ya maamuzi yake anamtukana. Vitabu vingi vya kuhamasisha vinavyouzwa mijini vina kosa hilo, vinapohubiri kwamba kila mtu ni rubani wa maisha yake kana kwamba wote tumezaliwa ndani ya ndege. Lakini tazama nusu ya pili. Zile ngitili nyingine zilikuwa za vijiji, shule na vikundi. Humo mtu asiye na ng'ombe aliokota kuni, akakata nyasi za kuezekea na kuchuma matunda ya porini na dawa, na mapato ya pamoja yaliingia katika mambo kama ujenzi wa madarasa. Mipaka yake ililindwa na dagashida, mkutano wa jamii unaotunga kanuni na kutoza faini, na walinzi wake walikuwa sungusungu, walioanza katika ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Hiari ambayo fukara hakuwa nayo peke yake aliipata pamoja na wenzake. Nakiri kwamba nguvu ya pamoja si safi kwa sababu tu ni ya pamoja. Palikuwa na mahali sungusungu haohao walishiriki kuwatesa waliotuhumiwa uchawi. Jamii inaweza kufunga malisho na inaweza kumfungia bibi mlango. Hilo linatulazimu kuuliza kila mara kanuni inamlinda nani. Bado halituruhusu kumrudisha fukara kwenye upweke wake na kumwambia ajitambue.

Hapa ndipo ninapoachana na namna tuliyozoea kulizungumzia kusudi la maisha. Tunaambiwa kila mtu amezaliwa na kusudi lake limefichwa mahali fulani, na akishindwa kulivumbua maisha yake yamepotea bure. Fundisho hilo linawatesa vijana. Mhitimu wa kidato cha nne aliyerudi Lagangabilili bila kupata nafasi ya kuendelea anajiona amekosa mlango mmoja uliokuwa wake, na sasa anangoja dalili: ndoto, unabii, simu kutoka kwa ndugu aliyeko mjini. Anajitendea kama walivyoitendea ardhi wenye vitalu, akingoja mche kutoka mbali. Ukimuuliza anajua nini, atakwambia hajui kitu. Lakini ukikaa naye utakuta anajua ni ng'ombe yupi ataugua kabla hajaugua, au anahesabu uzito wa pamba kwa kichwa haraka kuliko karani mwenye mashine, au watoto wa jirani humfuata awaeleze hesabu. Hiyo ni mizizi. Kila mwaka inachipua, na kila mwaka inaliwa na haraka ya leo. Kusudi, kwa ninavyoliona, halivumbuliwi. Linakua ndani ya eneo ambalo mtu, pamoja na watu wake, wamekubali kulifunga lisiliwe: saa mbili za jioni ambazo haziguswi, fedha kidogo isiyoulizwa, kazi moja ya jirani ambayo hataiacha. Mwanzoni ndani ya uzio huonekana hakuna kitu. Ngitili ya mwaka wa kwanza ni majani tu, na mti wa kivuli unataka miaka mingi.

Wapo watakaosema nimempa mtu kazi ya kulinda asichokijua: atajuaje kwamba chini kuna mizizi na si ibambasi, ule udongo mgumu usiopitisha maji? Hatajua kabla ya kufunga. Wafugaji wa Shinyanga nao hawakujua. Walifunga vipande, wakangoja msimu, wakatazama. Palipobaki patupu waliona, wakahamishia nguvu kwingine, na palipochipua waliongeza mwaka. Wala kazi hiyo haijaisha. Watu wa Simiyu wamepita milioni 2, ardhi inagawanywa upya kila baba anapofariki, na ngitili ambazo zilichukua karibu miaka 20 kurudi, nyingine zimefunguliwa kwa ajili ya mashamba. Hakuna kilichoandikwa kwamba zitabaki, wala kwamba zitakwisha. Mwezi wa Novemba mvua za kwanza zikishuka Itilima, majani yatatoka kila mahali kwa pamoja, ng'ombe watashiba bila mtu kuhangaika, na ni katika juma hilo la neema kwamba mwenye ng'ombe, na kijiji chake, wataamua tena ni wapi wasipite.